“Laki nane kwa makaratasi?”

Wiki iliyopita mratibu wa asasi moja hapa Mwanga, Kigoma, alinirudishia profoma yangu, yaani makadirio ya bei ya kazi, ikiwa na mstari mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu: “Mkakati wa mawasiliano, shilingi 800,000.” Pembeni kaandika: “Makaratasi tu?” Si wa kwanza. Kuna aliyewahi kuondoka ofisini akisema nimemwibia.

Wateja wetu wengi, sisi tunaofanya kazi za mawasiliano, huja wakitaka kitu cha kushika: fulana, bango, video ya dakika tatu yenye picha za droni juu ya ziwa. Tena huja mwezi wa mwisho wa mradi, mfadhili anadai ripoti. Ukiuliza video aitazame nani, unajibiwa “jamii”. Jamii ipi, ndugu yangu?

Asasi moja ilikwepa hiyo laki nane, ikajitengenezea tangazo la redio la kuwahimiza wavuvi wa dagaa wavae maboya. Ikalipia wiki mbili, saa mbili usiku, muda ghali kuliko yote. Wiki zenyewe zilikuwa za giza, zisizo na mbalamwezi! Mtu yeyote aliyekaa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, anajua kwamba usiku wa giza mvuvi yuko ziwani na taa zake, asubuhi anashusha, mchana amelala. Tangazo lilisikilizwa na walimu na wenye maduka.

Nilipoitwa kuokoa jahazi, nilishinda mwaloni siku mbili bila kutoa kamera kwenye begi. Kina mama wanaoanika dagaa ndio walionifungua macho. Mmoja, mikono bado ina magamba, aliniambia, “Baba, ngojeni mbalamwezi, wanaume wako nyumbani wanashona nyavu.” Kisha akacheka: “Na huyo kibarua mnamwambia avae boya, analo? Boya hununua mwenye chombo.” Kwa hiyo si saa tu iliyokosewa, hata mtu wa kuambiwa hakuwa kibarua, ni mwenye chombo. Redio ililipwa mara mbili, na mimi nikalipwa juu yake.

Halafu kuna “kijana wetu ana simu kali”. Sina ugomvi na simu, nusu ya picha zangu napigia simu. Tatizo ni ridhaa. Mama mmoja wa Kasulu alipigwa picha kwenye mafunzo ya ufugaji nyuki, mwaka uliofuata akajikuta kwenye bango la ukatili wa kijinsia. Majirani wakaanza kumuuliza mumewe maswali. Mabango sita yaling'olewa, yakachapishwa upya. Na tangu ianze kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jambo hilo si aibu peke yake, ni suala la kisheria pia. Sisi fomu tunaisoma kwa sauti, kwa Kiha ikibidi, na tunaonyesha picha itakapotumika. Inachukua nusu saa kwa mtu mmoja, na ndiyo, naitoza.

Laki nane ni siku tatu za kukaa na walengwa, nauli, na kurasa nne: nani aambiwe, nini, lini, kwa njia gani. Yule mratibu nimemtumia profoma mpya. Fulana 200 nimezifuta, mkakati nimeuacha palepale. Bado hajajibu.