Si kila maji yanayonukia ni maji ya waridi

Mhariri,

Makala yenu ya urembo ya wiki iliyopita imeyaita maji ya waridi maji yoyote yenye harufu ya ua hilo, kisha ikawashauri wasomaji wayadondoshe machoni ili kuondoa wekundu. Siwezi kulinyamazia hilo.

Maji ya waridi hupatikana kwa kukeneka. Maua huchumwa alfajiri, kabla jua halijapeperusha harufu, yakatiwa majini ndani ya chombo na kuchemshwa, na mvuke wake ukapitishwa kwenye bomba lililopozwa hadi ugeuke matone. Juu ya maji hayo huelea mafuta kidogo sana, kwani kilo moja ya mafuta hudai takriban kilo 3,000 hadi 4,000 za petali. Wako wanaodhani kwamba maji yanayobaki chini ni makapi, na hapo ndipo wanapokosea: sehemu ya harufu inayoyeyuka majini hubaki humo humo, ndiyo maana maji na mafuta ya ua lile lile hayanukii sawasawa. Ufundi huu ni wa kale. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu, aliandika juu ya ukenekaji wa manukato katika karne ya 9, na Sultani Salahuddin alipoitwaa Yerusalemu mwaka 1187, Kuba la Mwamba, jengo takatifu la Waislamu mjini humo, lilioshwa kwa maji ya waridi.

Chupa niliyouziwa hivi karibuni ilikuwa na maji ya rangi ya waridi, ilhali maji halisi hayana rangi. Lebo ilitaja maji, manukato, rangi na kihifadhi. Ua lenyewe halikutajwa popote. Nilipoyamimina kiganjani yalinukia kwa ukali kama sabuni.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu maji haya tunayala. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula hutiwa kwenye vitamutamu baada ya kuepuliwa, maana moto huifukuza harufu. Ya manukato ya kubuni hayafai kuingia jikoni hata tone. Mwilini maji ya waridi halisi huburudisha ngozi, nami nayapenda kwa hilo, ila si dawa ya maradhi. Machoni yasitiwe kabisa, hata yawe halisi, kwa sababu maji yasiyotakaswa kwa ajili ya macho yanaweza kubeba vijidudu.

Naomba masahihisho kuhusu macho yachapishwe katika toleo lijalo, kwenye ukurasa ule ule wa urembo.

Msomaji wenu