Barua kwa rafiki aliyepewa kazi ya ushauri nasaha

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Iringa. Sote hatujambo, ila baridi ya Juni imetushika kwelikweli. Nimefurahi mno kusikia umepewa kazi ya ushauri nasaha hapo shuleni kwenu. Wewe unajua kumsikiliza mtu hadi amalize.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na kidato cha kwanza, na usiwasubiri ofisini. Mtoto wa miaka 14 habishi hodi kwenye mlango huo wenzake wakimwona. Jioni bweni zima litasema amechanganyikiwa. Nenda bwaloni wakati wa chakula. Tazama nani anabeba sahani yake akale peke yake nyuma ya bweni, na nani siku ya kutembelewa anajifungia chooni mpaka wazazi wa wenzake waondoke. Hao ndio wa kwako.

Halafu kuna hili la lugha, ambalo linaniuma sana. Mtoto amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, mkono juu kila swali, pengine alikuwa kaka mkuu. Januari anaingia sekondari, masomo karibu yote ni Kiingereza, na Kiswahili kikimponyoka anavikwa kibao shingoni. Muda si mrefu anakuwa bubu, nasi tunaandika kwenye ripoti "hajitumi". Kibao hicho kipiganie kiondoke, shoga. Mwendee mkuu wa shule kwa adabu, kikao baada ya kikao, usichoke. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, umri uleule tunaowapokea na matranka yao.

Usihofu kwamba hukusomea saikolojia. Kenya, taasisi ya Shamiri huwafundisha vijana waliomaliza sekondari wakae na wanafunzi katika vikundi vidogo, na utafiti ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Tafuta wawili watatu wa kidato cha sita wenye utu, uwape kazi hiyo.

Ila mwanafunzi akikuambia hataki tena kuishi, usiitunze siri hiyo peke yako. Usimwache mwenyewe, mwite mzazi, mfike hospitali. Namba 116 ya huduma kwa watoto ni bure, ibandike bwenini.

Niandikie ukianza. Desemba nikija Dodoma tutakaa tuzungumze mengine.

Nakupenda sana,
Shoga yako