Mtoto asitoke wodi ya wazazi bila kupimwa oksijeni mkononi na mguuni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie kipimo cha dakika chache, kisicho na sindano wala tone la damu, ambacho tungependa kila mtoto anayezaliwa Dodoma na Singida afanyiwe kabla mama yake hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Magazeti yetu huandika mara kwa mara kuhusu kambi za upasuaji wa moyo na watoto waliozibwa matundu katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ni habari za kufurahisha na zisiachwe kuandikwa. Ila tuitazame picha ile vizuri. Mtoto aliyepakatwa na mama yake ana miezi minane, au miaka mitatu, au saba. Huyo ndiye aliyesalia. Mwenzake mwenye kasoro nzito zaidi, ile inayoua katika juma la kwanza au la pili, hafiki kambini kabisa. Mara nyingi huandikwa kwamba amefariki kwa homa ya mapafu au maambukizi ya damu, na nyumbani husemwa alikuwa na mchango. Hakuna aliyejua kuwa ulikuwa moyo.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, karibu mmoja ana kasoro ya moyo. Takriban robo ya hao wana kasoro nzito inayohitaji upasuaji au matibabu ya mrija ndani ya mwaka wa kwanza. Wengi wao huzaliwa wakiwa na uzito mzuri, hulia vizuri na hunyonya saa chache baadaye. Kinachowaficha ni mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili, aota. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hiyo damu hupita kwenye mshipa huo na kuyakwepa. Akishazaliwa hauna kazi tena, nao hujifunga, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa mtoto mwenye moyo wa kawaida, kufunga huko ni heri. Kwa mtoto ambaye njia ya damu kwenda mapafuni imeziba, au ambaye upande wa kushoto wa moyo haukukua, mshipa huo ndio uhai wake. Ukifunga akiwa nyumbani Chemba au Manyoni, anabadilika ndani ya saa chache: anaacha kunyonya, anapumua kwa kasi, anakuwa wa baridi na rangi ya majivu.

Macho hayatoshi kumgundua mapema. Oksijeni ya damu ikishuka kutoka 98 hadi 88 kwa mia, hata mkunga mzoefu anaweza asione chochote, na kwa ngozi zetu nyeusi ndiyo kabisa. Ukitaka kutafuta ubluu tazama ulimi na fizi. Vidole visikutie hofu wala visikutulize, maana vidole vya mtoto mchanga huwa vya bluu kwa baridi tu.

Hapo ndipo inapoingia oksimita, mashine ndogo inayopima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 21 zenye watoto zaidi ya 457,000. Ulikadiria kuwa katika watoto 10,000 wanaoonekana wazima, 6 wana kasoro nzito ya moyo. Kipimo kinawakamata 5 na kumkosa 1, na watoto 14 wengine watashukiwa bure. Marekani ilikiingiza kipimo hiki kwenye orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa watoto wachanga mwaka 2011. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kuwa katika majimbo yaliyokifanya cha lazima, vifo vya mapema vya watoto wachanga vitokanavyo na kasoro nzito za moyo vilipungua kwa takriban theluthi moja. China nayo ilipima watoto zaidi ya 120,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2014: oksimita ikiunganishwa na kusikiliza moyo kwa makini, kasoro nzito ziligunduliwa kwa zaidi ya asilimia 90. Jambo hilo la mwisho linatuhusu sana, kwa sababu oksimita na sikio la muuguzi tunaweza kuwa navyo hata kwenye kituo cha afya.

Sasa namna ya kupima, maana kipimo hiki kikifanywa ovyo ni afadhali kisifanywe. Subiri mtoto atimize saa 24. Ukipima mapema zaidi, mapafu hayajamaliza kuzoea hewa na utawashtua wazazi wengi bila sababu. Lakini kama mama anaondoka kabla ya saa hizo, pima tu kabla hajatoka mlangoni, kisha apangiwe siku ya kurudi. Mtoto awe macho, ametulia, ana joto, na hapewi oksijeni. Akilia au akiwa katikati ya kunyonya, namba hazitulii. Futa utando mweupe na unyevu kwenye ngozi. Sensa, yaani kile kipande cha mashine kinachogusa ngozi, ifungwe kwenye kiganja cha kulia na kwenye mguu wowote, upande wa nje wa unyayo, taa na kipokezi vikitazamana sawasawa.

Kwa nini mkono wa kulia? Kwa sababu mshipa wake unachipuka kwenye aota kabla ya mahali ule mshipa mfupi unapojiunga, na damu ya miguuni inapita baada ya hapo. Tofauti kati ya mkono na mguu ndiyo inayofichua damu yenye oksijeni kidogo inayochanganyika njiani. Ukipima mkono wa kushoto umeipoteza nusu ya habari.

Usiandike namba ya kwanza inayotokea kwenye kioo. Ngoja wimbi la mapigo litulie, kisha ulinganishe mapigo ya mashine na yale unayoyasikia kifuani; yakipishana, namba ya oksijeni haina maana. Mashine ikikataa kutulia, mara nyingi mguu ni wa baridi, na usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma hilo ni la kila siku: mvike mtoto soksi, mrudishe kifuani kwa mama, jaribu tena baadaye kidogo. Jua la dirishani na taa ya kutibu manjano huichanganya mashine, kwa hiyo funika sensa kwa kitambaa.

Kosa tunalolihofia kuliko yote ni kutumia klipu ya kidole ya mtu mzima. Ukiibana kwenye mguu wa kichanga, mwanga unapita pembeni bila kupita kwenye nyama, na namba inayotoka inaweza kumpitisha mgonjwa. Sensa ya kubandika iliyoisha gundi na kufungwa kwa plasta ina hatari hiyohiyo. Bora sensa laini ya kuzungushia ya watoto wachanga, inayofutwa kwa spiriti kila baada ya mtoto mmoja.

Kuhusu kusoma majibu, utaratibu uliorahisishwa na madaktari wa watoto wa Marekani na kuchapishwa Januari 2025 unatufaa. Mkono na mguu vyote vikiwa 95 au zaidi, na tofauti yake isizidi 3, mtoto amepita. Kimojawapo kikiwa chini ya 90, amefeli hapohapo, na daktari aitwe bila kungoja. Kati ya hapo, yaani 90 hadi 94, au tofauti ya 4 na zaidi, rudia baada ya saa moja, mara moja tu. Asipopita mara ya pili, amefeli. Zamani iliruhusiwa kurudia mara mbili, na mkono au mguu mmojawapo kufika 95 kulitosha. Masharti hayo yamekazwa.

Wapo wanaouliza kama Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haistahili kikomo cha chini zaidi. Hatukubaliani. Mwinuko huu hupunguza oksijeni kidogo tu. Shida ya kweli huanza kwenye maeneo ya zaidi ya mita 2,000. Tena kuna sababu ya kuwa wakali: utafiti wa mwaka 2020 kwa watu wazima Marekani ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ambao mashine haikuuona ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Mashine inaweza kutupendelea kwa namba ambayo damu yetu haina. Kushusha kikomo juu ya kosa hilo ni kuwaruhusu wagonjwa waende nyumbani.

Mtoto aliyefeli si lazima awe na ugonjwa wa moyo. Sehemu kubwa ya wanaoshukiwa bure kwa upande wa moyo hukutwa na maambukizi, homa ya mapafu, au shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu, na haya nayo huua. Kwa hiyo daktari aanze na hayo wakati kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinatafutwa.

Akipewa oksijeni na namba isipande, shaka ya moyo inaongezeka. Hapo wengi huongeza mtungi hadi mwisho, na ni kosa linaloeleweka lakini la hatari: oksijeni nyingi inauhimiza ule mshipa mfupi ufunge. Kwa mtoto anayeutegemea, oksijeni ya 75 hadi 85 kwa mia inakubalika hadi afike kwa mtaalamu. Dawa inayouweka wazi ni prostaglandini, nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa kwa matone ya mfululizo kwenye mshipa, na inaweza kumfanya mtoto mmoja kati ya kumi hivi asahau kupumua. Ndiyo maana haiwezi kuanzishwa na kumwachia dereva wa ambulansi. Aende naye mhudumu anayejua kumpumulisha kwa mfuko na barakoa, uwepo mshipa wa pili uliofunguliwa, sukari ipimwe kabla ya safari, na mtoto afungwe kwa joto. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Simu kwa hospitali inayompokea ipigwe kabla gari halijawashwa.

Hatutaki mtu adhani kuwa kupita kipimo ni cheti cha moyo mzima. Aota iliyobanwa hupita mara nyingi, hivyo mkunga aguse mapigo ya kinena pande zote mbili. Yakiwa dhaifu au hayapo, aite daktari hata kama oksijeni ni 99. Tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo halishushi oksijeni kabisa mwanzoni. Hilo hujitokeza wiki ya nne hadi ya nane, na mahali pa kulikamatia ni kliniki, kwenye mizani. Mtoto anayetumia zaidi ya nusu saa kila anaponyonya, anayetoka jasho la paji la uso akinyonya, anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa chini ya miezi miwili, au ambaye mstari wake kwenye kadi umelala wakati wa wenzake unapanda, asipewe tena dawa ya kifua ya tatu bila kusikilizwa moyo. Tundu kubwa lisipozibwa mapema, mishipa ya mapafu hukakamaa kwa msukumo wa damu, na ikishakakamaa hakuna daktari wa upasuaji anayeweza kulifunga bila kumuua mgonjwa. Kwa matundu makubwa lengo ni ndani ya mwaka wa kwanza, ndiyo maana miaka mitatu kwenye picha ya gazeti hutuumiza.

Tunachoomba kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya ni kidogo. Kila wodi ya wazazi iwe na oksimita moja iliyotengwa kwa watoto wachanga, isiyoazimwa chumba cha upasuaji, na sensa mbili laini, moja ya kutumika na moja ya akiba. Ukurasa wa mtoto kwenye kadi ya kliniki uongezewe mistari mitatu: oksijeni ya mkono wa kulia, oksijeni ya mguu, saa ya kupima. Ukutani ibandikwe karatasi moja yenye vikomo tulivyovitaja na namba ya simu ya daktari wa watoto wa zamu katika hospitali ya rufaa. Na mama anayejifungulia nyumbani apimiwe mtoto siku anapomleta kwa mara ya kwanza, hata kama ni siku ya saba.

Hadi kadi zitakapochapishwa upya, namba hizo mbili zinaweza kuandikwa kwa kalamu pembeni mwa uzito wa kuzaliwa. Mzazi anayeruhusiwa wodini ana haki ya kuuliza ziko wapi.

Wenu,
Wahudumu wa afya ya watoto,
Dodoma