Watu wa maabara tufunguliwe milango ya shule za kata

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu nilipomsoma msomaji mwenzangu akisema mtu mwenye digrii ya sayansi ukimkuta anafundisha tuisheni basi ujue kazi ilimshinda au alifukuzwa. Mimi ni mmoja wa hao watu. Nilisoma kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikafanya kazi maabara ya maji huku Arusha miaka 11, na saivi nafundisha kemia watoto wa sekondari hapa Usa River, wengine tuisheni na wengine shuleni. Sikufukuzwa wala kazi haikunishinda, niliiacha nikiwa bado naipenda, na nataka nieleze ilikuaje.

Kwa wasiokaa huku kwetu, maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi. Inatoka kwenye miamba ya volkano, maji yakipita humo chini yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka miligramu 8 kwa maji ya vijijini, maana ukishika 1.5 kuna vijiji vinabaki havina hata chanzo kimoja cha kunywa, na sehemu kama Oldonyosambu kuna vyanzo vinapita hata hiyo 8. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, meno yanatoka na rangi ya kahawia, na mtu akiyanywa miaka mingi mifupa nayo inaharibika. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale.

Kazi yangu ilikua kupima hiyo kitu. Sampuli zinakuja kwenye chupa za plastiki, unachanganya na bafa, yaani kimiminika cha kutuliza asidi ya sampuli, unatumbukiza elektrodi, kile kijiti cha kupimia, unasubiri namba itulie, unaandika, unasaini, ripoti inapanda juu. Nilikua makini sana na namba zangu na sijutii hata moja.

Mwaka 2014 jirani yangu, mama anayeuza ndizi soko la Tengeru, akaniomba nimsaidie binti yake wa kidato cha tatu maana kemia alikua anapata F kila mtihani. Akaja na mwenzake, wiki ya pili wakawa watano, mwezi wa tatu nimeazima benchi kanisani wanakaa kwenye veranda. Ndo mwaka ule ambao Rais Kikwete alikua amehimiza kila shule ya kata iwe na maabara 3, huku kwetu kila kaya inachangishwa, kila kona tofali zinapangwa, na mimi nilifurahi kweli nikajua sasa watoto watashika vitu kwa mikono yao. Kumbe jengo ni jambo moja na mtu wa kusimama ndani yake na mtoto ni jambo lingine kabisa, hilo nitalirudia.

Kati ya wale watano kulikua na binti mmoja ambaye akiongea lazima aweke kiganja mdomoni. Mwanzo nilidhani ni aibu tu ya ugeni. Jumamosi moja tupo kwenye halojeni, lile kundi la elementi lenye florini na klorini, nikataja florini na nikasema ndo inayotoa floraidi inayotia meno rangi huku kwetu, darasa likanyamaza, alafu yule binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Madamu, hii inatoka?" Akaondoa mkono.

Nikamuuliza amekulia wapi, akanitajia kijiji. Mhariri, kile kijiji nilikua naijua namba yake kwa kichwa. Nilishayapima maji ya kisima chao mara tatu kwa miaka tofauti na mara zote tatu niliandika namba sahihi na kusaini. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuisikia. Mama yake alikua anamsugua na mkaa na chumvi kila asubuhi akiamini ni uchafu, na akiwa darasa la pili alishachapwa shuleni kwa kosa la kutopiga mswaki. Nilimwambia ukweli kwamba haitoki kwa mswaki, na kwamba hakukosea kitu chochote, wala mama yake. Usiku ule sikulala.

Kuanzia hapo nikabadilisha namna ya kufundisha. Hapa Ngurdoto, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi kwenye maji, wanatumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru kwa hewa kidogo mpaka inakua makaa. Madini yaliyomo kwenye mfupa yana hidroksidi, maji yenye floraidi yakipita pale floraidi inaingia inakaa na hidroksidi inatoka. Nikiwaeleza wanafunzi hivyo na kuwakumbusha kwamba jino nalo limejengwa kwa madini ya jamii ileile, unaona mtu macho yanamtoka. Kijana mmoja aliniambia, madamu kwa hiyo jino na ule mfupa wa kusafishia maji vyote vinaishika floraidi? Ndio baba, ndo hivyo. Huyo hakunisumbua tena kwenye mada ya ayoni, yaani chembe zenye chaji kama hizo floraidi na hidroksidi.

Na nafundisha kwa Kiswahili kwanza, sioni haya kulisema. Mtoto amesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili alafu anaingia fom wani kila kitu Kiingereza, anakariri sentensi kama wimbo. Kwenye mole, kile kipimo cha kuhesabu chembe, wengi ndo wanakimbilia masomo ya sanaa. Mimi naleta trei la mayai mezani. Trei moja ni mayai 30, ukiniambia trei mbili sihitaji kuhesabu, najua ni 60. Mole nayo ni trei, ila chembe ni ndogo mno ndo maana trei lake lina namba kubwa, 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23. Wakishaelewa ndo tunarudi kwenye Kiingereza cha mtihani, na kinaingia vizuri tu.

Basi mwaka 2017 nikajiandikisha Chuo Kikuu Huria kusomea stashahada ya uzamili ya ualimu, nasoma usiku nikitoka kazini, na 2019 nikaandika barua ya kuacha kazi. Bosi wangu alinionea huruma ya kweli, akasema mbona unajishusha mama. Mume wangu aliniuliza swali moja tu, ada za watoto tutapata wapi, na lilikua swali la haki. Kipato kilipungua zaidi ya nusu, tumefuga kuku, tumeuza maziwa, tumevuka.

Sasa kuhusu shule. Kabla sijapata cheti cha ualimu nilienda shule mbili kuomba kusaidia bure, saa mbili kwa wiki, praktikali tu. Zote zilinikatalia. Mkuu mmoja alinieleza kistaarabu kwamba hawezi kumruhusu mtu asiye mwalimu kushika darasa, na namuelewa kabisa, watoto si wa kuachia kila anayepiga hodi getini. Wa pili hakunipa hata kiti. Na shule hiyo ya pili ilikua na chumba cha maabara kizuri chenye sinki, kimefungwa kufuli, ndani zimepangwa dawati mbovu.

Nilipopata cheti nikakubaliwa shule nyingine kama mwalimu wa kujitolea. Praktikali ya kwanza niliyosimamia ilikua taitresheni, yaani kupima nguvu ya asidi kwa kuichanganya na besi kidogo kidogo, na kidato cha nne, miezi minne kabla ya mtihani wa taifa, na wengi wao walikua hawajawahi kushika bureti, lile bomba la kioo lenye alama na koki chini, walishaichora tu. Dada mmoja akamimina asidi huku koki ipo wazi, yote ikamwagika mezani, akaanza kulia akidhani nitamchapa. Tukafuta, tukaanza upya. Mwingine amesimama wima anasoma bureti kwa juu kama anachungulia kisima, nikamwambia piga magoti mama, jicho liwe sawa na maji, soma pale tumbo la maji linapoishia chini. Alivyoona namba imebadilika na hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, akaita wenzake wote waje waone.

Kilichoniumiza ni kwamba kabla hata hawajamaliza kundi moja lilishaandika majibu matatu yanayofanana mpaka desimali ya mwisho. Walishazoea kwamba majibu lazima yafanane, kwa hiyo unayapika. Nikawakalisha nikawasimulia maabara tuliyokua tukipima maji ya kunywa, kwamba ukipika namba pale kuna mtoto kijijini ataipata kwenye kikombe. Tukarudia mpaka saa 12 jioni, na namba zilikua mbaya mbaya lakini za kwao.

Kitu kingine ambacho mtu wa kazini anakileta ni kujua kazi zilivyo. Wanafunzi wangu walikua wanaamini PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, maana yake ni udaktari na usipoupata umefeli maisha. Wakati wa kujaza Selform, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo baada ya kidato cha nne, wanabahatisha, wanafuata rafiki. Mimi nawaambia ofisi ya Mkemia Mkuu inafanya nini, TBS, yaani Shirika la Viwango, wanapima nini, mgodini kuna nani anayejua dhahabu ipo kiasi gani kwenye jiwe, kiwanda cha bia kina maabara ya nini. Yule binti wa meno alipata division foo, kwao wakataka akauze duka, nikaenda kukaa na mama yake jioni nzima, nikamueleza kwamba Chuo cha Maji kinapokea hata wa cheti na kuna kozi ya maabara na ubora wa maji. Alienda. Leo anapima maji kwenye mkoa mwingine, na kila akienda kijijini kuchukua sampuli ananiambia anakaa kwanza na kina mama kabla hajafungua begi.

Ombi langu ni dogo. Wakuu wa shule, mtu wa maabara akija kuomba kusaidia praktikali mpokeeni, mwalimu wa somo awepo darasani, barua ya utambulisho itoke kwa mwajiri, sioni kinachoshindikana. Mwalimu wa kemia mnaemtegemea anafundisha mikondo sita na baiolojia juu yake, sio mvivu, amezidiwa. Waajiri nao wahesabu hizo saa mbili kama kazi. Na wenzangu mliopo maabara msisubiri kuacha kazi kama mimi, Jumamosi moja kwa mwezi inatosha kuanza.

Na kama mpo kwenye kusafisha stoo mwaka huu, msitupe vioo. Kemikali za zamani hapana, hizo ni hatari msituletee, ila bureti, pipeti na flaski hata zilizofifia alama kidogo tunazihitaji. Nina bureti 3 nilizopewa hivyo hivyo, na Jumamosi hii zinasubiriwa na wanafunzi 42.

Msomaji wako na mwalimu wa kemia,
Usa River, Arusha