Zanzibar ni kazi ya kidole kidogo cha kushoto: barua kwa mdogo wangu

Assalaam alaykum mdogo wangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza niko dukani watu wamejaa, mara ya pili usiku nimeshafunga nimekaa barazani. Unasema utafiti wako umeshauandika wote kwa mkono, madaftari matatu, mwandiko safi, na sasa unatafuta mtu wa kukutaipia hapo Tunguu elfu moja kwa ukurasa, na ukaniuliza kama mie dada yako naweza kukufanyia kwa bei ya udugu. Jibu langu ni hapana. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako, kila ukifika msimu wa kukusanya tafiti naletewa madaftari namna hiyo na vijana wazuri, wenye akili zao, wanakaribia kumaliza chuo na mbele ya kibodi wanatafuta herufi kama mtu anachambua mchele gizani.

Sikunyimi. Ungekuwa mgonjwa ningekutaipia bure na usiku nisilale. Lakini mkono unao, na mwandiko ule unaosifiwa na kila mtu haukushuka kutoka mbinguni, wewe ulikaa ukafundishwa, ukashikwa mkono herufi kwa herufi, ukaandika ukafuta ukaandika, ukarudishwa. Kwa kibodi hakuna aliyekushika mkono, hata mie hakuna aliyenishika, na ndio maana nataka nikushike mie.

Unajua nilivyoanza kazi hii ya steshenari Chake Chake. Vidole viwili tu, vya shahada, kulia na kushoto, macho chini kwenye kibodi. Mbio nilikuwa nazo na watu wakinisifu. Siku moja akaja mzee na karatasi yake ya mkono, makubaliano ya shamba la mikarafuu baina ya ndugu, mpaka wa kaskazini unaishia wapi, wa mashariki kwa nani. Mwandiko mzuri khasa, herufi zimelala zote upande mmoja. Nikasoma mstari, nikainama nikataipu, nikainua kichwa nikatafuta nilipoishia, nikainama tena, na mistari miwili iliyofuatana ilikuwa inaanza na neno "mpaka", basi nikaruka mmoja. Kaskazini yote ikapotea. Nikaprinti nakala nne, wakatia saini wote, na kosa likaja kuonekana wiki mbili baadae ndugu mmoja keshaanza kusafisha upande ule. Yule mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti akasema, mwanangu, kwenye karatasi yangu mpaka ule ulikuwamo. Nikaitaipu upya pale pale, lakini maneno yale ninayo mpaka leo.

Hapo ndipo nilipofahamu faida ya kutaipu bila ya kutazama. Watu wote wanazungumza mbio, ati maneno mangapi kwa dakika, mbio zinakuja zenyewe baadae. Faida kubwa ni macho. Macho yanabaki kwenye karatasi kama unanakili, na kama unaandika chako yanabaki kwenye sentensi yako, unaiona inavyozaliwa na unaona inapopinda. Marekani, mji wa Cincinnati, Julai 1888, walishindanishwa mabwana wawili wa mashine za taipu, Frank McGurrin na Louis Traub. McGurrin alikuwa keshahifadhi herufi zote zilipo na anatumia vidole vyote bila ya kuangalia, mwenzake anaangalia. Walisomewa maneno wakapiga, wakapewa karatasi wakanakili. McGurrin alimshinda kote, na kwenye kunakili ndiko alikomwacha zaidi, maana mwenzake kila mara kichwa juu kichwa chini. Niliposoma habari hii nikamkumbuka mzee wangu wa mikarafuu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hili sijamsikia mtu akilisema kwetu. Kibodi hii haikutengenezwa kwa ajili yetu. Asili yake ni Christopher Sholes na wenzake, Marekani, walipata hataza ya mashine yao 1868, na Remington wakaanza kuiuza 1874, kwa ajili ya Kiingereza. Sie tunaandika Kiswahili, na Kiswahili bila ya a hakiendi, ndio herufi inayorudi kuliko zote. A iko wapi? Chini ya kidole kidogo cha kushoto, kile dhaifu kuliko vyote. Andika "zanzibar" ukihesabu: z kidole kidogo, a kidole kidogo, n mkono wa kulia, z kidole kidogo tena, alafu i, alafu b, a kidole kidogo, r. Herufi nane, nne zote za kidole kimoja kile. Andika "sawasawa", utaona neno zima linakwenda na cha pete na kidogo cha kushoto, mkono wa kulia umekaa tu. Andika "muhimu", herufi sita, tano zake za kidole cha shahada cha kulia, kinapanda kinashuka mpaka kinachoka. "Unguja" nayo ndo hivohivo, u n u j zote za kidole hichohicho. Na "pemba", mdogo wangu, herufi tano vidole vitano mbalimbali, kila moja na mwenyewe, mkono huu mkono ule, laini kabisa. Nilipoligundua hili niliwaita watu dukani kuwaonyesha.

Kwa hiyo programu nyingi za kujifunzia kutaipu zinakufundisha kwa maneno ya Kiingereza. Ile sentensi yao maarufu ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, "The quick brown fox jumps over the lazy dog", ina herufi zote 26, na a imo mara moja tu. Mara moja! Q na x zimo, ambazo wewe kwenye Kiswahili hutozitumia mwaka mzima ila kwenye majina ya watu. Chukua "haba na haba hujaza kibaba", herufi 22, a ni tisa, na pale kwenye "aza" kidole kidogo kinafanya a, kinashuka kwenye z, kinarudi a, chenyewe peke yake. Hilo ndilo zoezi la Mswahili. Mtu anajifunza kwa Kiingereza miezi mitatu, anakuja kuandika Kiswahili kidole hakina nguvu, anarudi kwenye vidole viwili anasema mie siwezi.

Mie nilijifunza hivi. Pitisha vidole vya shahada kwenye F na J utahisi kijimstari kimeinuka, hicho kimewekwa ili mkono ujue nyumbani kwake bila ya macho. Kushoto A S D F, kulia J K L na nukta mkato, vidole gumba kwenye spesi. Kila kidole kinatoka kwenda kuchukua herufi yake na kinarudi. Alafu nikachukua kanga nikaifunika mikono yangu pamoja na kibodi, nisione kitu, macho yakabaki kwenye skrini. Siku ya kwanza robo saa nzima nimeandika "baba", "dada", "kaka", "sasa" tu, na jasho limenitoka. Robo saa baada ya sala ya alfajiri kila siku, usizidishe, mkono ukichoka unajifunza makosa. Nilipomaliza maneno mafupi nikaanza majina ya kanga, natoa kanga sandukuni moja moja nataipu ilichoandikwa, zote fupi zote Kiswahili fasaha, mama akicheka kwa nini nguo ziko kitandani.

Wiki mbili za mwanzo utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa na vidole viwili na hapo ndipo wengi wanapokimbia. Mie dukani nilikuwa nashindwa kuvumilia wateja wakiwa wengi, narudi kwenye ya zamani, alafu naona haya. Ilinichukua kama miezi miwili. Na zima ile kitu ya kukagua tahajia, maana ikiwa imewekwa Kiingereza kila neno lako la Kiswahili linapigwa mstari mwekundu, ukurasa mzima unakuwa kama umechubuka, na mtu anayejifunza anaanza kuamini kakosea wakati kaandika sawasawa. Na ng' ya ng'ombe usiiache hivihivi, alama yake iko kwa kidole kidogo cha kulia, jifunze mapema, maana ngoma na ng'ombe si kitu kimoja.

Usifahamu kwamba nakwambia tupa kalamu. Hapana, wallahi. Somo la darasani liandike kwa mkono. Marekani walitoa utafiti 2014, wanafunzi walionukuu somo kwa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, neno kwa neno kama yalivyotoka kwa mwalimu, lakini kwenye masuali ya kufahamu wa kalamu wakawapita. Wengine wakairudia baadae wasione tofauti kubwa hivo, sawa, lakini hilo la neno kwa neno nimeliona kwa macho yangu, kalamu ni nzito basi inakulazimisha uchague. Na mitihani yetu ya skuli bado ni kalamu na karatasi.

Alafu kuna mambo mkono wa mtu hauna badala. Barua za bibi za herufi za Kiarabu zilizomo kwenye mkoba wa mama, ukiiona bahasha tu unajua ni yeye kabla hujaifungua, ile herufi yake ya waw inavyovutwa chini. Na kombe, sahani nyeupe, zafarani, aya zinaandikwa taratibu na mwandishi mwenye udhu, zinaoshwa kwa maji ya marashi mgonjwa anakunywa. Nimemwona babu akiandika, hazungumzi na mtu mpaka amalize.

Basi nimefunga kifurushi, nimempa kijana wa boti ya kesho kutoka Mkoani, kipokee bandarini Malindi hapo Unguja mchana. Ndani mna kibodi ya waya, ile yangu ya zamani, A yake imefutika lakini hutoihitaji kuiona, na kanga ya kufunikia. Nusu yake nimekata, nusu nimebakisha mie.

Ukurasa wa kwanza wa utafiti wako nitumie umeutaipu mwenyewe, hata ukichukua siku nne, na usinirekebishie makosa, nataka niyaone ili nijue kidole gani kinakusumbua. Na mama anasubiri barua yako ya mkono, kurasa mbili, kaniambia nikwambie asiletewe meseji.

Dada yako,
Chake Chake