Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

YAH: NAMBA MOJA KWENYE RIPOTI YA CT

Daktari, shikamoo.

Baba yangu mdogo analima zabibu Hombolo. Mwaka jana tumbo lilianza kumkata, linakuja na kuondoka, kisha akaona damu chooni. Hospitali moja, jina naliacha, ilimpiga CT, picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya mwili. Ripoti ikatoka na sentensi moja: uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kulia, achunguzwe saratani. Nyumbani likasikika neno la mwisho tu. Mbuzi wakauzwa, ndugu wa Kondoa wakafika na mikeka kana kwamba msiba umeshatangazwa, na mgonjwa mwenyewe yuko shambani anapogolea mizabibu.

Daktari wa pili hakurudia kipimo. Aliingiza CD ileile kwenye kompyuta, akachora kiduara juu ya uvimbe, ikatokea namba ya kupima msongamano wa kitu pichani: hasi 95. Maji ni sifuri, akatuambia. Nyama husoma juu ya sifuri, mafuta chini yake, kwenye hasi 40 hadi hasi 120 hivi. Basi hii ni lipoma, uvimbe wa mafuta, wala si saratani. Ni nadra, na ikitokea hupenda upande huohuo wa kulia, kwa watu waliovuka miaka 50. Baba mdogo ana 63.

Kamera ilipopitishwa ndani ya utumbo, lipoma ikaonekana ya manjano, laini. Daktari akaibonyeza na kikoleo, ikabonyea kama mto wa kulalia, ikarudi. Kinyama kilichokatwa juu yake kwenda kupimwa kikaja na majibu ya kawaida, kwa kuwa mafuta yamekaa chini ya utando wa ndani wa utumbo. (Asiyelijua hilo angekata tena na tena.) Upasuaji alifanyiwa, maana uvimbe ulikuwa na sentimita 5 na utumbo ulishaanza kujimeza, yaani sehemu moja kuingia ndani ya nyingine, ila kilitolewa kipande kidogo, si nusu ya utumbo mpana.

Sisemi kila damu chooni ni mafuta. Saratani ipo, na itafutwe kwanza. Ombi langu ni dogo: waelekeze wanaosoma picha mkoani kwako kwamba kila uvimbe wa utumbo uandikiwe namba yake. Mashine wanayo, kiduara ni kazi ya dakika moja. Na mgonjwa apewe CD pamoja na karatasi. Ya kwetu tuliidai dirishani siku mbili, tukiambiwa ripoti inatosha.

Nasubiri majibu yako.

Mwananchi wa Hombolo, Dodoma