Kinyago cha New Ireland si mungu wala si pambo

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vinyago vya Melanesia, yaani visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo kaskazini mashariki mwa Australia. Ingawa nilifurahi kuona gazeti letu likivuka bahari hadi visiwa ambavyo hutajwa kwa nadra kurasani mwake, nimeshindwa kuyafumbia macho mambo mawili: maelezo mliyoyaweka chini ya picha, na neno "miungu" ambalo mwandishi aliviita vinyago hivyo kila alipokosa neno jingine.

Nianze na picha. Mlichapisha vitu viwili sambamba, na chini yake mkaandika "vinyago vya kikabila, Melanesia". Cha kushoto ni tatanua, kinyago kinachochezwa katika ngoma za kuwakumbuka marehemu kaskazini mwa New Ireland, nchini Papua Guinea Mpya. Ukikitazama kwa makini utaona kwamba kina kishungi kirefu utosini, na ubavu mmoja wa kichwa umepakwa chokaa nyeupe, kwa sababu hivyo ndivyo wanaume wafiwa wa huko walivyozoea kunyoa na kujipaka wakati wa msiba. Macho yake, ambayo mwandishi aliyaita "ya kutisha", ni vifuniko vya konokono wa baharini, vile vigumu vya mviringo anavyojifungia navyo ndani ya kombe lake, vyenye rangi ya kijani katikati. Cha kulia si kinyago cha kuvaliwa hata kidogo. Ni nguzunguzu, kichwa cha mti kilichopakwa rangi nyeusi na kupachikwa vipande ving'aavyo vya kombe, ambacho watu wa magharibi mwa Visiwa vya Solomon walikifunga kwenye omo ya mtumbwi wa vita, karibu kabisa na usawa wa maji, ili kiwakinge wapiga makasia na pepo wabaya wa baharini. Kuviweka vyote viwili chini ya jina moja ni kama kuchapisha picha ya sanda na picha ya tanga la jahazi, kisha mtu akaandika chini yake "vitambaa".

Sasa nije kwenye hiyo "miungu". Wahenga wetu walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na nadhani wachongaji wa New Ireland wangeielewa methali hiyo bila kuelezwa. Huko kuna sherehe ziitwazo malagan, ambazo hufanywa miezi au hata miaka kadhaa baada ya maziko, maana familia inahitaji muda wa kukusanya nguruwe, viazi vya taro na fedha za makombe za kugharimia shughuli yote. Sanamu huchongwa kwa ajili ya siku hiyo, katika mti mwepesi, zikatobolewa na kusokotwa umbo ndani ya umbo: ndege, nyoka, samaki anayemmeza mtu. Zinaoneshwa, madeni yanalipwa, marehemu anaagwa, na kazi ya sanamu inaishia hapo. Zamani zilichomwa moto au kuachwa zioze porini. Mungu gani huyo ambaye waumini wake humtupa baada ya karamu?

Kinachobaki ni haki ya kuichonga tena. Mtu huirithi au huinunua haki ya umbo fulani, na miaka mingi baadaye, mti wenyewe ukiwa umekwisha kuoza, yeye ndiye anayemsimulia mchongaji jinsi lilivyokuwa, kutoka kichwani mwake tu. Hiyo ndiyo mali, na kwangu mimi ndiyo habari ambayo makala yenu iliikosa. Ndiyo pia inayotusaidia kuelewa kwa nini makumbusho ya Ulaya, hasa ya Ujerumani iliyotawala kisiwa hicho hadi mwaka 1914, yamejaa sanamu hizi: nyingi ziliuzwa kwa wageni baada ya sherehe, badala ya kuchomwa. Sisemi kwamba kila kitu kilichotoka visiwa hivyo kilinunuliwa kwa amani, la hasha. Lakini hata pale ambapo mti uliuzwa kwa hiari, haki ya umbo haikuuzwa.

Nakiri kwamba si visiwa vyote vinafanana. Tubuan, kinyago cha Watolai, watu wa kisiwa jirani cha New Britain, mwenye kofia yenye umbo la pia, macho ya duara ndani ya duara na mwili uliofunikwa majani hadi magotini, huheshimiwa kama kiumbe hai wa kike, mama wa dukduk, kinyago mwenzake, na anayevunja miiko yake hutozwa faini ya tabu, yaani fedha ya makombe. Anaogopwa, ndiyo, lakini kama hakimu anavyoogopwa.

Neno lenu, Mhariri, lina madhara. Jengo la Bunge la Papua Guinea Mpya mjini Port Moresby, lililofunguliwa mwaka 1984, lilijengwa kwa kuiga nyumba za mizimu za bonde la mto Sepik. Mwaka 2013 Spika wa wakati huo aliamuru michongo yake iondolewe, akiiona kuwa ni sanamu za kipagani, na vichwa vilivyochongwa juu ya mlango mkuu vikabomolewa. Michael Somare, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Kitaifa ikaamua kwamba kitendo hicho kilivunja Katiba.

Naomba basi toleo lijalo lisahihishe maelezo ya picha, kila kitu kikitajwa kwa jina lake na kisiwa chake. Nguzunguzu haitawapa taabu kuitambua: imewahi kupigwa kwenye sarafu ya dola 1 ya Visiwa vya Solomon.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi